Ugenini Ceylon na Burma

Wahenga wana methali mbili ambazo kwa kuzitazama upesi zaonekana kama zinagombana. Ya kwanza husema, "Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho," maana yake, mgeni azifuate desturi za wenyeji wake. Ya pili husema, "Mwacha mila ni mtumwa," maana yake, mtu asizitupe desturi za wazee wake. Je, mtu akiwa katika nchi ya ugeni aifuate ipi? Swali hili liliwapata vijana wengi wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliyoanza mwaka wa 1939 na kwisha mwaka wa 1945. Nao hawakulijibu kwa maneno, bali kwa maisha yao.

Katika miaka ile Singida ilikuwa wilaya ya Jimbo la Kati. Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu walikuwa wakulima na wafugaji. Nyumba zao nyingi zilikuwa tembe, zenye kuta nene na dari ya miti iliyofunikwa udongo. Chakula chao kilikuwa ugali wa uwele au wa mtama, pamoja na mlenda au maziwa. Mvua ilinyesha tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kisha ukaja upepo na vumbi, na kwa miezi mingi halikuanguka hata tone moja. Maji makubwa waliyoyajua ni ya maziwa ya Singidani na Kindai, nayo ni ya chumvi. Kijana aliyelelewa hapo alijua kuchunga ng'ombe na kutafuta maji, lakini bahari aliisikia katika habari za wasafiri tu.

Vita vilipoenea, serikali ya Waingereza iliandika askari katika kila pembe ya nchi. Wengine walikwenda kwa kupenda, wengine kwa kupelekwa na wakubwa wao. Waliovaa sare za King's African Rifles waliitwa "keya". Waliondoka kwa gari la moshi, wakafundishwa kazi ya vita, na hatimaye wakapandishwa merikebu Mombasa kwenda kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Safari ile ilichukua zaidi ya juma zima. Askari aliyezaliwa bara aliona maji pande zote, akatapika kwa kuyumbayumba kwa chombo, akazoea taratibu.

Wala hatari haikuwa ya kutapika tu. Tarehe 12 Februari 1944 merikebu iitwayo Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Wazazi wengi walipata habari ya vifo hivyo, wala hawakupata kaburi la kulilia.

Waliofika salama waliona kisiwa cha kijani kibichi, chenye minazi pwani, mashamba ya mpunga mabondeni, na michai milimani. Waliona watawa wa dini ya Budha, wenye vichwa vilivyonyolewa na nguo za rangi ya manjano, wakipita asubuhi na bakuli mikononi, na watu wakiwatilia chakula kwa heshima. Askari mgeni angeweza kuwadhani kuwa ni maskini waombao. Lakini aliyeuliza alielezwa ya kwamba yule atoaye ndiye ashukuruye, kwa kuwa anahesabu kutoa kuwa ni baraka. Tena alijifunza kuvua viatu kabla ya kuingia hekaluni, ingawa viatu vya askari vina kamba ndefu na kuvivua ni kazi.

Jambo moja lilikuwa gumu zaidi kwa mtu wa Singida. Watamili wa Ceylon ambao ni Wahindu humheshimu sana ng'ombe, wala hawali nyama yake. Kwa Mnyaturu, ng'ombe ni mali na ni mahari, naye huchinjwa siku ya sherehe ili wageni wale washibe. Mwenye haraka angecheka, akasema, "Watu hawa wana ng'ombe nao wanakaa na njaa!" Lakini mwenye kufikiri aliona ya kuwa watu wa nchi zote mbili wanampa ng'ombe heshima kubwa, kila mmoja kwa njia yake. Basi mwenye adabu hakula nyama ya ng'ombe mbele ya mlango wa Mhindu, wala hakuona kuwa amepungukiwa na kitu.

Katikati ya mwaka wa 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipelekwa kwenye mpaka wa Bara Hindi na Burma, nchi ambayo leo huitwa Myanmar. Mwezi wa Agosti ilishuka katika bonde la Kabaw. Hapo askari wa Singida aliona majira yamepinduka. Toka Mei hata Oktoba, miezi ile ile ambayo kwao vumbi huruka, huko mvua hunyesha mchana na usiku. Barabara ziligeuka matope, magari yakazama, na chakula kikaangushwa na ndege kwa miavuli. Ruba waliingia katika viatu na kunyonya damu. Malaria iliua watu upesi kama risasi. Kwa hiyo kila askari alipewa vidonge vichungu, ambavyo vikimezwa siku nyingi huifanya ngozi kuwa na rangi ya manjano. Badala ya ugali wa moto, mara nyingi palikuwa na biskuti ngumu na nyama ya kopo.

Hata hivyo walisonga mbele. Mwezi wa Desemba 1944 waliingia mji wa Kalewa, wakavuka mto Chindwin, na mafundi wa jeshi wakajenga juu yake daraja la chuma lenye urefu wa futi 1,154.

Wenyeji wa Burma nao walikuwa na desturi zao. Wanaume na wanawake hufunga kiunoni nguo ndefu inayofanana na kikoi, na wanawake hupaka mashavuni unga wa gome la mti uliochanganywa na maji. Nyumba nyingi za vijijini ni za mianzi, zimeinuliwa juu ya nguzo. Mgeni huvua viatu kabla ya kupanda. Haifai kumgusa mtoto kichwani, ijapokuwa ni kwa upendo, maana kichwa huhesabiwa kuwa ni kitu cha heshima. Wala haifai kumnyoshea mtu nyayo za miguu unapoketi. Lakini mengine hayakuwa mageni hata kidogo. Apitaye mbele ya mzee huinama, na kijana humpa mkubwa kitu kwa adabu. Askari aliyefunzwa na mama yake kupokea kwa mikono miwili hakuhitaji mwalimu mwingine wa mambo hayo.

Nao askari walishika mambo yao wenyewe. Jioni waliimba nyimbo za kwao, wakala pamoja kutoka sahani moja, wakaulizana habari za nyumbani. Kwa kuwa walitoka makabila mengi, waliongea Kiswahili, na aliyekuja akijua Kinyaturu peke yake alirudi akijua lugha ya kusemezana na Mkamba na Mganda. Wengine walijifunza kusoma na kuandika jeshini, ili wasimtegemee mwingine kuwaandikia barua za siri kwa wake zao.

Waliona pia mambo ya kuwaumiza moyo. Askari Mwafrika alilipwa mshahara mdogo kuliko askari Mwingereza, ingawa matope na risasi havikuwabagua. Waruhiu Itote wa Kenya, aliyekuwa Burma, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1967 jinsi mazungumzo na watu aliokutana nao huko yalivyomfungua macho juu ya uhuru. Bara Hindi ilipata uhuru mwaka wa 1947, Burma na Ceylon mwaka wa 1948, na Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961.

Vita vilipokwisha, wengi walirudi makwao mwaka wa 1945 na wa 1946. Kumbe, ugeni ulikuwa haujaisha! Aliyezoea saa, filimbi na viatu alipaswa kuzoea tena mwendo wa ng'ombe. Ndugu zake walimwona amebadilika, naye aliwaona wao hawajabadilika. Mwenye kiburi alidharau ugali wa mama yake, akakaa peke yake kama mgeni katika boma la baba yake. Mwenye busara aliketi na wazee, akawasikiliza kwanza, kisha akawaeleza aliyoyaona, nao wakamsikiliza.

Basi methali zile mbili hazigombani. Ya kwanza yahusu viatu vya kuvua mlangoni, chakula cha kuacha na kichwa kisichoguswa. Katika hayo mgeni na amfuate mwenyeji, kwa maana hapati hasara. Ya pili yahusu adabu, ukweli na upendo wa ndugu. Hayo mtu huyachukua kila aendako, wala hakuna nchi atakayoambiwa ayaache mlangoni.

MASWALI

1. Kwa nini majira ya Burma yalikuwa ya ajabu kwa mtu wa Singida?
2. Watawa wa Budha hupita na bakuli kwa sababu gani?
3. Taja desturi moja ya Burma inayofanana na desturi ya nyumbani kwako.
4. Kwa nini yasemwa kwamba ugeni haukuisha askari waliporudi?
5. Mgeni akija kwenu leo, ni desturi gani ungependa aijue kwanza? Eleza sababu yake.