Kemikali za Kuchochea Sortilini: Je, Ni Dawa ya Kolesteroli?

SWALI: Ninasoma bayokemia chuoni. Nimesikia kuna kemikali zinazochochea kipokezi kiitwacho sortilini. Je, zitashusha kolesteroli?

JIBU: Kwa sasa ni zana za maabara tu. Tafadhali, mgonjwa asiache vidonge vyake kwa kuzitarajia.

Sortilini hukaa zaidi kwenye Golgi, ambako seli hupanga protini zake: nyingine zitoke nje, nyingine ziende kuvunjwa katika lisosomu. Ndani ya ini hushika apolipoprotini B, inayobeba mafuta kuyaingiza damuni. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba sortilini ikiongezwa katika ini la panya, kolesteroli hushuka. Mwaka huohuo kundi jingine likapata kinyume: panya waliokosa sortilini ndio ambao kolesteroli yao ilishuka.

Mgongano huo ndio unaozipa kemikali hizi thamani. Ukibadili jeni, mwili hupata muda wa kujirekebisha na kukuficha ukweli. Kemikali unaiweka, unaiosha, unabadili dozi, unatazama kinachofuata. Ila ijaribu pia kwenye seli zisizo na sortilini kabisa. Ikileta matokeo yaleyale humo, inagusa kitu kingine, na hitimisho lako limeanguka. Kipimo hicho usikiruke hata kidogo.

Kuna tahadhari nyingine, na kwangu ni nzito: ubongo. Huko sortilini huondoa progranulini, protini inayolinda seli za neva. Wanaorithi upungufu wa progranulini huweza kupata ugonjwa wa kupoteza akili, hivyo watafiti wa ubongo hutafuta kuizuia sortilini, si kuichochea. Kichochezi cha ini kisifike kichwani.