Kutunza Koo Wakati wa Tiba ya Mionzi

Mkulima wa Amani akiugua saratani ya mapafu, huenda akapelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Huko watu hutibiwa kwa mionzi. Mionzi haionekani kwa macho, lakini huua saratani.

Njia ya chakula hupita kifuani, karibu na mapafu. Kwa hiyo mionzi huigusa pia. Baada ya wiki 2 au 3, mgonjwa huweza kuumwa koo anapomeza. Hii si dalili kwamba tiba imeshindwa. Maumivu hupungua wiki chache baada ya tiba kwisha.

Mgonjwa afanye hivi:

1. Ale kidogo kidogo, mara nyingi. Uji, maziwa na ndizi zilizopondwa humezeka vizuri.
2. Aache chai na chakula vipoe kwanza.
3. Aepuke pilipili manga, ndimu, pombe na tumbako. Pilipili manga ni mali shambani, lakini huchoma kidonda.
4. Aketi wima anapokula, wala asilale mara baada ya kula.
5. Amweleze daktari mapema. Ziko dawa za kutuliza maumivu.

Akishindwa kumeza hata maji, au akipata homa, aende hospitali mara moja. Asikatize tiba mwenyewe. Tiba ikikatizwa, saratani hupata nafasi ya kukua.

Maswali

1. Kwa nini koo huuma?
2. Nyumbani kwako kuna vyakula gani laini?