Foleni ya Barua Pepe: Kwa Nini Barua Hukawia au Kurudishwa

Wengi hudhani kwamba barua pepe, mara mwandishi abonyezapo kitufe cha kutuma, huruka moja kwa moja hadi kwa mpokeaji. Sivyo. Hukabidhiwa kwanza seva ya mtumaji, yaani kompyuta iliyowekwa kwa kazi ya kupokea na kupeleka barua. Nayo huiweka katika foleni mpaka itakapoweza kuikabidhi seva ya upande wa pili.

Taratibu za makabidhiano hayo huitwa SMTP. Ziliandikwa na Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, mwezi wa Agosti 1982, na msingi wake ungali uleule. Seva moja huomba, nyingine hujibu kwa namba yenye tarakimu tatu. Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Ikiwa ni 2, ombi limekubaliwa. Ikiwa ni 4, kipo kizuizi cha muda, kwa mfano 452, ambapo nafasi ya kuhifadhia haitoshi. Mtumaji ajaribu baadaye. Ikiwa ni 5, ombi limekataliwa, na kulirudia bila kurekebisha kitu hakufai. Namba 550 mara nyingi humaanisha kwamba anwani haipo: tazama tahajia kabla ya kumlaumu fundi.

Seva inayopokea ikishajibu 250 baada ya mwisho wa barua, imechukua dhamana: ama iifikishe, ama imwarifu mwandishi kwamba imeshindwa. Kabla ya jibu hilo dhamana ni ya seva inayotuma, nayo haina ruhusa ya kufuta nakala yake. Kwa hiyo umeme ukizimika katikati ya makabidhiano, barua haipotei. Pengine itafika mara mbili, na hilo ni afadhali kuliko kutofika.

Tuchukue mfano wa karibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ya Tanzania na ya nchi jirani ikadhoofika sana. Katika hali kama hiyo seva iliyoko Dar es Salaam isiyoweza kuifikia seva ya ng'ambo haina sababu ya kurudisha barua papo hapo. Kanuni zilizochapishwa mwaka 2008 zaishauri ingoje walau nusu saa kabla ya kujaribu tena, na isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Programu ya Postfix, isipobadilishwa na fundi, hushikilia barua kwa siku 5.

Uvumilivu huo una hatari yake. Mwanafunzi anayetuma ombi la masomo siku mbili kabla ya mwisho wa kupokea maombi aweza kuiona barua yake miongoni mwa "zilizotumwa", akalala usingizi, kisha taarifa ya kushindwa imfikie siku ya tano, mlango umekwisha fungwa. Neno "imetumwa" lathibitisha tu kwamba seva yake mwenyewe imeipokea. Kutuma nakala kumi hakumsaidii. Nazo zitapanga foleni ileile.

Si kila jibu la 4 ni dalili ya ubovu. Tangu mwaka 2003 baadhi ya seva humkataa kwa muda kila mtumaji mgeni, kwa makusudi. Seva halali hurudi baada ya dakika kadhaa. Mitambo mingi ya barua taka haikuwa na subira hiyo. Hila rahisi, lakini yenye akili.

Kwa zoezi la darasani, mwalimu afungue maelezo kamili ya barua iliyochelewa. Kila seva iliyoipokea imeongeza mstari wake juu ya mistari iliyotangulia, pamoja na saa. Kwa hiyo husomwa kutoka chini kwenda juu. Tuseme wa chini una 08:15 +0300, wa pili 05:16 +0000, na wa tatu 09:46 +0000. Wanafunzi wageuze kwanza saa zote ziwe za mahali pamoja: 08:15 ya Afrika Mashariki ni 05:15 ya Greenwich. Hatua ya kwanza, basi, ilichukua dakika 1, na ya pili saa 4 na nusu. Ikiwa saa za kompyuta hizo ni sahihi, barua ilikwama katika foleni ya seva ya pili, na ni katika kumbukumbu za seva hiyo ndimo ilimoandikwa ile namba ya tarakimu tatu iliyoizuia.