Novena Iendelee, Lakini Hospitali ni Leo



Dada mmoja wa VIWAWA aliniuliza baada ya Misa: "Frateri, mdogo wangu anasikia sauti, halafu anasema watangazaji wa redio wanamsema yeye. Tumpeleke kwa padre au hospitali?" Nikamwambia kote kuwili, ila hospitali iwe leo.

Kwa nini leo? Hali hiyo madaktari huiita saikosisi. Mtu anasikia wasichosikia wengine, anaamini anafuatiliwa, maneno yake hayashikani. Mara nyingi huanza ujanani, yaani umri wetu huu huu.

Marekani walifanya utafiti uitwao RAISE, ukafuatilia watu 404 wa miaka 15 hadi 40 katika kliniki 34 za majimbo 21. Wote ndio kwanza walikuwa wanaanza matibabu. Kliniki nyingine zilitoa huduma ya kawaida. Nyingine zilikuwa na timu: daktari mwangalifu na dozi, mshauri wa kuzungumza na mgonjwa, mtu wa kuielimisha familia, na mwingine wa kumsaidia arudi shule au kazini. Matokeo yalitoka 2015. Waliohudumiwa na timu walidumu zaidi kwenye matibabu, dalili zao zikapungua zaidi, na wakashiriki zaidi masomo na kazi. Si muujiza: idadi ya waliolazwa hospitali haikutofautiana sana.

Kilichoniuma ni hiki. Karibu nusu yao walikuwa wamekaa na ugonjwa zaidi ya wiki 74 kabla ya kupata tiba. Na timu ile ile, yenye dawa zile zile, iliwasaidia zaidi wale waliowahi kuliko waliochelewa.

Nilisoma namba hiyo nikamkumbuka mwenzetu wa kidato cha tano. Alianza kuongea peke yake usiku bwenini. Sisi wa kikundi cha sala tukasema ana mapepo. Tulimwombea wiki nyingi, tukamfungisha, na hakuna aliyemwambia hata matroni. Alichukuliwa na wazazi wake, hakurudi kufanya mtihani. Tulikuwa na nia njema kabisa, lakini tulimlia muda wake.

Na Kanisa halikututuma. Soma Katekisimu namba 1673: kabla ya kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba jambo lenyewe si ugonjwa, na kazi hiyo ni ya padre mwenye ruhusa ya askofu. Sasa sisi wa bweni tulipata wapi mamlaka? Darasani Mtakatifu Tomaso ametufundisha kwamba mtu ni roho na mwili kwa pamoja. Roho si abiria aliyepanda gari. Ubongo ukiugua, ni mtu mzima anayeugua.

Kwa hiyo ukiona dalili hizo kwa ndugu yako, usibishane naye kuhusu sauti, na usimcheke. Msikilize, mwambie mzazi au mlezi, nendeni hospitali ya wilaya au ya mkoa mkaulizie huduma ya afya ya akili. (Na hapana, haimaanishi lazima apelekwe Mirembe! Utani huo tuuache, unawafanya watu wajifiche.) Akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake hata dakika moja.

Yule dada alinipigia jioni ile ile. Walikuwa kwenye foleni, mama yao anasali rozari, na mdogo wake amekubali kuonana na daktari mradi redio ya mapokezi izimwe. Nesi akaizima.