Mwalimu, Waache Wacheze, Ila Uwe na Swali

Barua iliyonifikia kutoka Muleba ni fupi na imeandikwa kwa hasira. Mwandishi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya kijijini, upande wa Kamachumu. Anasema kila jioni wazazi hufungua madaftari ya watoto, wakikuta kurasa nyeupe wanamjia juu: "Kwani huko mnashinda mkifanya nini?" Anauliza, aanze kuwaandikisha a mpaka z ili apumue, au aendelee na michezo?

Mdogo wangu, endelea na michezo. Lakini usinishangilie bado, maana wazazi nao wana hoja yao. Kuna kucheza na kuna kuachiwa uwanja. Watoto wakikimbizana tangu saa mbili mpaka saa nne, na wewe umekaa kivulini unasahihisha madaftari ya darasa la tatu, hapo hujafundisha, umechunga tu. Ninachokutaka ufanye ni kimoja: kabla hujawatoa nje, uwe na swali utakalomuuliza mtoto katikati ya mchezo. Ukilikosa swali, badilisha mchezo.

Chukua mdako. Kishimo kidogo, vijiwe kumi, basi. Wakubwa hurusha kijiwe juu na kuzoa vingine kabla hakijatua, lakini wa miaka mitano mikono yao bado mizito, kwa hiyo waondolee kurusha. Wazoe, warudishe. Sasa chuchumaa pale ulipo mchezo uulize: "Umetoa vingapi? Shimoni vimebaki vingapi?" Halafu nyamaza. Usimsaidie. Utamwona mmoja, tena yule anayeimba moja hadi ishirini bila kukwama, akigusa kijiwe kilekile mara mbili na kuruka kingine. Anajua wimbo wa namba, hajui kuhesabu. Daftari lisingekuambia hilo hata mwaka mzima, maana kwenye daftari angekuandikia 5 nzuri kabisa.

Wengi mnaniandikia kwamba hamna zana. Hapa naomba tugombane kidogo. Mtu wa Kagera akilia kwamba hana zana, na darasa lake limezungukwa na migomba, mimi simwelewi. Majani makavu ya mgomba yanatoa mpira, kamba, mwanasesere, mkufu na kirago cha kukalia. Mwaka 1837 Mjerumani Friedrich Fröbel, ambaye ndiye aliyezipa shule za watoto wadogo jina lao la Kijerumani, alianza kazi ya kufundisha wadogo kwa michezo huko Blankenburg, na kifaa cha kwanza alichomkabidhi mtoto kilikuwa mpira laini wa sufu. Watoto wa Nshamba wanao mpira tayari, tena wameufunga wenyewe.

Na huko kufunga ndiko nikutakako ukutazame. Mtoto anachambua jani, analikunja, analibana kwa kidole gumba na cha shahada, anavuta kamba mpaka ikaze. Hivyo vidole viwili ndivyo vitakavyoshika penseli. Mtoto ambaye hajawahi kufinyanga udongo, kuchambua maharage wala kufunga kamba, ukimpa penseli ataikamata kwa ngumi, ataikandamiza mpaka karatasi itoboke, na baada ya mistari miwili atachoka na kuanza kumchokoza jirani yake. Halafu tutasema mtundu.

Novemba inakuja na senene. Siku hiyo sahau ratiba. Omba kila mwenye uwezo alete wachache tu, maana siku hizi bei yao si ya mchezo. Waweke kwenye ungo, wagawe watoto makundi. Wa kijani huku, wa kahawia kule. Wapi ni wengi? Umejuaje bila kuhesabu? Ana miguu mingapi? Ipi mirefu, na kwa nini ya nyuma ndiyo mirefu? Utapata majibu ya ajabu, uyaache yatoke. Mtoto ambaye tangu Januari hajafungua mdomo siku hiyo ataongea, kwa sababu kuchambua senene ni kazi aliyoifanya nyumbani na bibi yake, na pengine anakuzidi wewe. Mkimaliza, naweni mikono, kaangeni.

Msimu wa kahawa nao una somo lake la rangi: mbichi, zinazoiva, zilizoiva, zilizokauka. Tumieni zilizoanguka, jamani. Msikwanyue za watu mitini, nyingine tayari zina butura, yaani zimeuzwa zikiwa bado mitini, na sitaki kesi.

Hapo niwaonye nyie wenye vituo vya kulelea watoto mchana, hasa wenye watoto wa miaka miwili na mitatu. Kwa hao, kahawa, maharage, vizibo vya soda na vijiwe vya mdako visikaribie. Kitu chochote kinachoingia mdomoni, puani au sikioni, kitaingia, na utakimbilia hospitali umebeba mtoto mgongoni. Wape vikubwa: magunzi, vifuu, makopo yasiyokata, ndizi nzima. Mtoto wa miaka miwili akitia gunzi kwenye kopo, akalitoa, akalitia tena mara nyingi, usimwone mjinga. Anajifunza ndani na nje, kubwa na dogo. Kaa naye uyataje hayo maneno.

Mvua. Bukoba inanyesha, tena mara nyingi asubuhi, na bati likianza kupigwa hata wewe mwenyewe hujisikii. Usishindane nalo kwa kupayuka. Cheza michezo ya ishara: wewe unafanya, wao wanaigiza. Unapanda mti wa mparachichi, unavua samaki, samaki ni mzito, kamba imekatika. Halafu mmoja wao anakuja mbele, wengine wakisie kwa kunyoosha mkono. Mvua ikipungua, waulize ilianza kwa matone makubwa au madogo.

Lugha nayo isikutie hofu. Wengi wanafika shuleni na Kihaya chao, Kiswahili wanakisikia redioni. Mtoto akionyesha picha akasema "ente", usimkaripie. Mwambie, "Ndiyo, ng'ombe, na anafanya nini?" Mazungumzo yanaendelea, na neno jipya analo. Ukimkaripia, atanyamaza mpaka darasa la kwanza. Wenzetu Zanzibar wana vituo vyao vya Tucheze Tujifunze, wenyewe wanaviita TuTu, ambako vipindi vya sauti vimetumika kuwaongoza watoto kwa nyimbo na michezo. Nalitaja hilo kwa mwalimu anayeona aibu kuimba: hata redio inaweza kuimba kwa niaba yako, lakini kuuliza maswali utauliza mwenyewe.

Kuhusu wingi wa watoto, nakubali, hapo sina dawa. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, nawe una mara mbili yake na zaidi. Gawa kona: duka la pakiti tupu za chumvi na maboksi ya sabuni, kona ya udongo, ya kuhesabu, na ya nyumbani. Kila kundi likae kona moja, ukipiga makofi wahame. Wewe usizunguke kote kama askari. Kaa kona moja kwa siku, na hao wa hapo ndio utakaowauliza. Kesho kona nyingine. Ndani ya wiki utakuwa umemsikia kila mtoto, jambo ambalo ubao hauwezi kukupa.

Na kunawa mikono mnakufanya mchezo pia? Kibuyu chirizi, wimbo mfupi, na mtoto mmoja awe "daktari" wa kukagua vidole. Mkoa wa Kagera, uliopitia ugonjwa wa Marburg kuanzia Machi 2023, hauhitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa wale wazazi wenye madaftari. Usiwajibu kwa hotuba. Mtaala unaotumika tangu Januari 2024 unataka mtoto wa awali ajifunze kwa michezo, kwa hiyo mbele ya mwalimu mkuu una pa kusimamia. Kwa wazazi, kikao kijacho usianze na mahudhurio. Wape vijiwe. Wakalishe akina Ta na Ma, yaani akina baba na akina mama, wacheze mdako, na mtoto wa kila mmoja awe mwamuzi wa kuhesabu. Watakapomsikia mtoto anasema, "Baba, umerudisha vitatu, ulitakiwa urudishe vinne," watakuwa wameona hesabu. Baada ya hapo ndipo uwaeleze kurasa nyeupe.

Nina nafasi ya barua moja zaidi. Mama mmoja wa Bukoba mjini analalamika kwamba mwanawe wa miaka mitatu anarudi na kazi ya nyumbani ya kufuatisha herufi, kurasa mbili kila siku, na analia mpaka analala juu ya daftari. Mama, miaka mitatu ni midogo mno kwa kurasa mbili. Chukua sinia, mimina mchanga mkavu wa ziwani uliochekechwa, umwache achore kwa kidole. Akichora duara linalokutana, mpigie makofi. Akichoka, mwache aende. Kisha mwandikie mwalimu wake umweleze, na umwandikie kwa adabu, kwa sababu naye ana mwenye shule juu yake na wazazi wengine wanaodai ziwe kurasa nne.