SOMO: MJUMBE WA CHAMA KATIKA MKUTANO WA NISHATI

Chama cha msingi kinapomtuma mjumbe kwenye mkutano wa nishati, nauli na posho yake hutoka katika fedha za wanachama. Wanachama wana haki ya kuuliza amerudi na nini. Makaratasi yenye picha za kupendeza hayatoshi.

Mfano wa kujifunzia ni Mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya Nishati Mpya na Jadidifu, uliofanyika Nairobi tarehe 10 hadi 21 Agosti 1981. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na nchi zisizo na mafuta zilielemewa. Wajumbe walizungumzia aina 14 za nishati, zikiwamo jua, upepo, maji, joto la ardhini, kuni, makaa na hata nguvu za wanyama wakokotao.

Mwaka huo huo mtambo wa kwanza wa Olkaria, Kenya, wenye uwezo wa megawati 15, ulianza kufua umeme kwa mvuke wa ardhini. Hiyo ni kazi ya taifa zima, wala si ya chama kimoja. Lakini katika miaka hiyo hiyo wataalamu na mafundi wa Kenya walilichunguza jiko la ndoo la Thailand. Hawakuliiga lilivyo. Walilipa umbo la kiuno ili lisimame imara, wakaweka udongo wa kuchoma ndani ya bati. Likapunguza matumizi ya makaa, na mafundi wa mitaani wakaweza kuliunda na kulitengeneza. Ndiyo maana lilienea hata nje ya Kenya.

Basi mjumbe mwenye busara hupima kila kifaa kwa maswali manne:

1. Je, kinatimiza haja ya wanachama? Mtambo wa gesi ya samadi huhitaji samadi na maji kwa kiasi kinachokaribia kuwa sawa, kila siku. Penye shida ya maji, au ng'ombe wachungwao mbali na nyumbani, mtambo huo utalala njaa.

2. Gharama yote ni kiasi gani? Paneli ya jua huweza kudumu zaidi ya miaka 20, lakini betri ya asidi huchakaa baada ya miaka michache. Asiyeweka akiba ya betri amenunua giza la kesho.

3. Nani atakitengeneza, na vipuri vitapatikana wapi?

4. Kimetumika wapi kwa miaka kadhaa, katika hali inayofanana na ya chama? Watumiaji wake, hasa akina mama wapikao, wanasemaje?

Majibu yaandikwe kwenye daftari papo hapo. Mjumbe akirudi, akabidhi taarifa kwa Katibu, ijadiliwe na Kamati, kisha isomwe mbele ya Mkutano Mkuu kabla ya senti moja kutumika. Muuzaji akikosa jibu la swali lolote, hilo nalo liandikwe, kwani ni sehemu ya taarifa.

Maswali ya mazungumzo:

(a) Wanachama hutumia nishati gani kwa kupikia, kwa taa na kwa mashine, na kwa gharama gani?

(b) Ni fundi yupi wa karibu anayeweza kufundishwa kabla kifaa hakijanunuliwa?