ALAMA ZA HERUFI NA MAJINA YAKE: KAZI KWANZA, JINA BAADAYE

Utangulizi

Mwalimu wa lugha, awe anafundisha Kiswahili katika darasa la pili au Kifaransa katika kidato cha kwanza, hukutana kila siku na vialama vilivyowekwa juu, chini au kando ya herufi. Aghalabu vialama hivyo hutazamwa kama mapambo. Mwanafunzi akivisahau, mwalimu huviongeza kwa wino mwekundu na kuendelea na kazi; pengine haviongezi kabisa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa mazoea hayo yana hasara. Alama ni sehemu ya tahajia sawa na herufi yenyewe, lakini haina maana nje ya lugha inayoitumia. Kwa sababu hiyo mwalimu hana budi kufundisha kwanza kazi ya alama katika lugha ile, na jina lake baadaye.

Ushahidi hauko mbali. Kiswahili sanifu hakiweki alama juu ya irabu, lakini kina ritifaa katika ng'. Ngara ni wilaya mkoani Kagera. Ng'ara ni kutoa nuru. Ngoa ni wivu au tamaa. Ng'oa ni kutoa mti na mizizi yake. Mtoto aliyekusudia ng'oa akaandika ngoa hakukosa unadhifu tu. Ameandika neno jingine.

Majina yametoka wapi?

Majina mengi ya alama zinazotumiwa Ulaya yana asili ya Kigiriki. Kwa mapokeo, aliyebuni alama hizo ni Aristophanes wa Byzantium, mkuu wa maktaba ya Alexandria huko Misri, karibu mwaka 200 K.K. Kigiriki cha kale kilikuwa na kupanda na kushuka kwa sauti katika neno. Alama ya kwanza iliitwa kali, kwa kuwa sauti ilipanda. Ya pili iliitwa nzito, kwa kuwa sauti ilishuka. Ya tatu ilipewa jina la kuzungushwa, kwa kuwa sauti ilipanda kisha ikashuka katika silabi moja. Jina la jumla la mambo hayo lilikuwa prosodia, yaani wimbo unaoambatana na maneno. Warumi walilitafsiri neno hilo sehemu kwa sehemu wakapata accentus, na kutoka hapo lugha nyingi za Ulaya zikapata neno lao la alama hizi.

Kifaransa kiliyarithi majina hayo matatu: aigu, grave na circonflexe. Lakini ingawa jina limebaki, kazi imehama. Katika Kifaransa é na è hazitofautiani kwa kupanda na kushuka kwa sauti, bali kwa kiasi cha kufungua kinywa. Katika ou (au) na où (wapi), alama haibadilishi matamshi hata kidogo. Hutenganisha maneno mawili machoni pa msomaji. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa aigu maana yake ni kali, akapandisha sauti kila aionapo, amefuata jina na kuikosa lugha. Kigiriki chenyewe kiliacha mpando huo wa sauti zamani, kikabaki na mkazo tu; mwaka 1982 Ugiriki ilipunguza alama zake za mkazo ikabakiza moja.

Waarabu walichagua njia nyingine ya kutoa majina. Fataha ni kufungua, kisra ni kuvunja, dhumma ni kukusanya pamoja, nayo ni majina yaelezayo kinywa cha msemaji. Yasimuliwa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali, mwanachuoni wa karne ya 7, alimwagiza mwandishi wake atazame kinywa chake na kuweka nukta juu, chini au kando ya herufi kulingana na mwendo wa midomo. Kwa mwalimu jina la namna hii lina faida kubwa, kwani ni maelekezo ya kutamka.

Istilahi zetu za sarufi zimetokana na urithi huo, ila nazo zimehama. Kwa Waarabu iirabu ni mabadiliko ya mwisho wa neno ambayo alama hizo huyaonyesha. Kwetu irabu ni a, e, i, o, u. Kwa Waarabu shada ni alama ya konsonanti iliyotiwa nguvu kwa kurudiwa mara mbili. Kwetu shadda ni mkazo wa silabi, nao hatuuandikii alama yoyote. Tofauti ya barabara kwa maana ya njia kuu na barabara kwa maana ya sawasawa ni ya shadda, lakini maandishi hayaionyeshi.

Kuna pia majina yaliyotokana na umbo. Wacheki huita alama iliyo juu ya č kwa neno lenye maana ya kindoano. Wapolandi huita ile iliyo chini ya ą kwa neno lenye maana ya kimkia. Alama iliyo chini ya ç ya Kifaransa huitwa cédille, jina lililotoka Kihispania kwa maana ya z ndogo, nayo kweli ilianza kama z iliyoandikwa chini ya c. Majina haya hukumbukwa upesi, lakini hayasemi lolote kuhusu matamshi.

Alama moja, kazi nyingi

Tuchukue kialama kimoja, kile kifananacho na wimbi dogo (~), tukifuate katika lugha nne.

Katika Kihispania huwekwa juu ya n: cana ni mvi, caña ni muwa. Ñ hutamkwa karibu sawa na ny ya Kiswahili. Waandishi wa kale walikuwa wakiandika n mbili, kisha kwa kubana nafasi wakaiweka moja juu ya nyingine. Katika Kireno huwekwa juu ya irabu, na irabu hiyo hutamkwa kwa pua: pau ni mti au kijiti, pão ni mkate. Hapa pia wimbi ni kumbukumbu ya n, lakini ni n iliyotoweka. Kilatini kilisema manus kwa mkono; Kireno husema mão.

Katika Kikuyu wimbi halihusu pua wala ny. Huonyesha irabu mbili ambazo Kiswahili hakina: ĩ iliyo kati ya i na e, na ũ iliyo kati ya u na o. Mũndũ ni mtu, mũtĩ ni mti. Katika Kivietinamu wimbi ni alama ya toni. Maandishi ya lugha hiyo kwa herufi za Kirumi yalianzishwa na wamisionari, na kamusi ya Alexandre de Rhodes ikachapishwa Roma mwaka 1651. Silabi ma bila alama ni mzimu. Mã ni farasi. Má ni mama. Mà ni lakini. Mả ni kaburi. Mạ ni mche wa mpunga.

Majina ya toni za Kivietinamu yanastahili kutazamwa. Ile ya má huitwa sắc, yaani kali, kama walivyoiita Wagiriki. Nyingine huitwa nặng, yaani nzito, nalo pia ni jina la Kigiriki. Lakini umbo lake ni nukta iliyo chini ya herufi, wala si mkwaju wa nzito ya Kigiriki. Basi umbo moja laweza kuwa na kazi nne, na jina moja laweza kuwa na maumbo mawili.

Nukta mbili za juu zinatoa funzo hilohilo. Katika Kijerumani hugeuza irabu yenyewe: schon ni tayari, schön ni -zuri. Zilianza kama e ndogo iliyoandikwa juu ya herufi. Katika Kifaransa hazigeuzi irabu, bali huamuru irabu mbili zitamkwe mbalimbali: mais ni lakini, maïs ni mahindi. Mwanafunzi ajuaye Kijerumani akiingia darasa la Kifaransa, macho yake yatamdanganya mwalimu asipomtahadharisha.

Wakati mwingine alama ni kaburi la herufi. Kofia ya Kifaransa katika hôpital na août yaonyesha mahali palipokuwa na s. Wanafunzi wetu wanaweza kuivumbua wenyewe, kwani Kiswahili kimeihifadhi s hiyo katika hospitali na Agosti. Mwalimu akiyaandika maneno hayo mawili mawili ubaoni, kofia hukumbukwa bila kukaririwa.

Mbinu za kufundishia

Kutokana na hayo, yapendekezwa hatua zifuatazo.

(a) Anza na jozi, si na orodha ya alama. Andika ubaoni ngoa na ng'oa, au mais na maïs. Soma kila neno kwa sauti, kisha wanafunzi waseme maana yake.

(b) Futa alama. Wanafunzi wasome tena kile kilichobaki na kueleza sentensi imeharibika vipi. "Mkulima anangoa magugu" ni mfano utoshao.

(c) Uliza kazi. Je, alama imebadilisha sauti, mkazo, toni, au imetenganisha tu maneno mawili machoni? Jibu liandikwe kwa maneno ya wanafunzi wenyewe.

(d) Ndipo utaje jina. Likiwa ni jina la umbo, sema hivyo. Likiwa limepoteza maana yake ya asili, sema hivyo pia.

(e) Tumia sikio. Walimu wa Kiyoruba huzitaja toni za lugha yao kwa noti za muziki: do kwa toni ya chini, re kwa ya kati, mi kwa ya juu. Ọkọ (mume) ni re re. Ọkọ́ (jembe) ni re mi. Ọkọ̀ (chombo cha kusafiria) ni re do. Jina la namna hiyo huimbika, na mtoto hulishika kwa kuimba.

(f) Katika kusahihisha, usiiongeze alama kimyakimya. Msomee mwanafunzi alichokiandika jinsi kilivyoandikwa, naye atalisikia kosa lake.

Majina ya watu

Jambo hili lina uzito zaidi tunapofika kwenye daftari la mahudhurio. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, lina alama tatu, na kila moja ina kazi. Mashine nyingi za taipu hazikuwa na ũ wala ĩ, na watu wakazoea kuziacha. Leo kompyuta na simu zinazo, lakini mazoea yamebaki. Mwalimu amwulize mtoto jina lake huandikwaje nyumbani, naye aliandike hivyo. Mtoto aonaye alama ya jina lake ikiheshimiwa ataheshimu alama za maneno ya wengine.

Hitimisho

Alama ndogo hubeba sauti, historia na tofauti za maana, lakini kila lugha imeitwika mzigo wake yenyewe. Mwalimu asitegemee jina wala umbo. Aulize daima: katika lugha hii, alama hii inafanya kazi gani?

Maswali ya majadiliano

1. Je, Kiswahili kingenufaika kwa kuweka alama ya shadda katika maneno kama barabara? Toa sababu za kukubali na za kukataa.

2. Chagua lugha nyingine ya Afrika unayoifahamu. Ni sauti zipi zinazohitaji alama, na je, huandikwa?

3. Tayarisha somo la dakika 40 kuhusu ng na ng' kwa darasa la pili ukifuata hatua (a) hadi (f).